Noeli Moja ya Maman Horaire

Ukitaka kumjua Maman Horaire, anza na ukuta wake. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kando ya wodi ya uzazi, katika hospitali yetu hapa Bukavu, na ukuta mzima wa kushoto ulifunikwa na karatasi moja kubwa, aliyoiunga mwenyewe kwa gundi kutoka karatasi nyingi ndogo. Juu, siku za mwezi. Pembeni, majina ya watu. Kila kisanduku kilisema nani yuko zamu, nani anapumzika, na nani ataitwa iwapo wa kwanza amekosekana. Karatasi hiyo ndiyo horaire, na kwa kuwa yeye peke yake aliruhusiwa kuigusa, hospitali nzima ilimwita kwa jina la karatasi yake. Siku moja mgeni alifika getini akamuulizia kwa jina lake la ubatizo. Mlinzi alifikiri sana, kisha akamjibu kwa upole kwamba mtu huyo hafanyi kazi hapa.

Aliandika kwa penseli tu. Kifutio alikivaa shingoni kwa kamba, pamoja na msalaba wake mdogo, na alipoinama vitu hivyo viwili viligongana. Nilipomuuliza kwa nini hatumii kalamu ya wino, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua hainyeshi kutoka chini.

"Bic ni ya bale bamekufa," alisema. "Mutu muzima anabadilikaka."

Mimi niliajiriwa kutunza kompyuta za hospitali, yaani kufungua printa zilizomeza karatasi na kuwaambia madaktari wazime mashine kisha waiwashe tena. Kwa hiyo aliniita "weye wa ordinateur", na miaka sita ya kwanza hakuwa na haja nami hata kidogo.

Kwa asiyewahi kufanya kazi ya zamu, nieleze kidogo, maana si vigumu. Hospitali haifungwi. Kila saa lazima awepo mkunga, daktari wa upasuaji, mtu wa maabara, dereva wa ambulansi, na anestezisti, yule anayemlaza mgonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Akikosekana mmoja tu, wengine wote wanakuwa mapambo. Siku za kawaida, kupanga watu hao ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Lakini ikifika Noeli, na juma moja baadaye Mwaka Mpya, ambao sisi tunauita Bonane, hesabu inageuka kuwa mambo ya mioyo. Kila mtu anataka kuwa nyumbani, na watoto tumboni hawana kalenda.

Maman Horaire alikuwa na kalenda za kila mtu kichwani. Alijua kwamba wakunga wawili wetu wanaimba sauti ya pili katika kwaya moja, kwa hiyo hawawezi kuwa zamu pamoja siku ya Noeli. "Chorale ikikosa sauti, Padri hatapigia Mungu. Atanipigia mimi." Alijua Waadventista wasiofanya kazi Jumamosi. Waliooana mwaka huohuo hakuwaweka zamu katika Noeli yao ya kwanza. "Bataachana, na kosa itakuwa yangu." Na Papa wa maabara, ambaye ni Mkimbangu na husherehekea Noeli tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tano, alipewa zamu ya Desemba kila mwaka bila kinyongo, na kila mwezi wa tano alipewa siku yake bila kuiomba. Watu wapya walishangaa kumwona Papa huyo akipongezwa kwa Noeli wakati wa masika. Sisi tulizoea. Tulimletea soda.

Basi huyu mama aliyejua yote hayo aliapa kila siku kwamba hapendi umbea. "Mi sisikilizake maneno ya batu," alisema, akivuta kiti karibu zaidi. Na kweli hakusambaza neno hata moja. Aliingiza tu. Ugomvi wa mkunga fulani na mama mkwe wake ulikuwa kwake habari ya kazi: mkunga huyo angefurahi kupewa zamu siku ambayo mama mkwe anakuja kula. Alipanga hivyo, na yule mkunga alimbusu mikono yote miwili.

Alikuwa mkali juu ya uongo, lakini kila mmoja wetu aliambiwa kwa siri, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ndiye mfanyakazi wake bora. Tuligundua hilo siku ya sherehe ya dereva wa ambulansi, baada ya chupa ya pili, tulipoanza kujivunia jambo hilo mmoja baada ya mwingine. Tulikuwa bora kumi na wanne. Asubuhi yake dereva alimkabili.

"Maman, shiye bote ni bora?"

"Nani alikuambia bora ni moja? Weye ulisoma wapi?"

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwanamke huyu aliyewapa wote Noeli zao hakuwahi kujipa ya kwake. Tangu alipoanza kupanga zamu, kila tarehe ishirini na tano alibaki mjini, simu mkononi, akizima moto: huyu ana homa, yule gari lake limekwama matopeni, yule mwingine haamini kwamba jina lake ndilo lililoandikwa. Na mama yake mzazi alikuwa mzima, huko Walungu, mwendo wa asubuhi moja kwa basi dogo barabara ikikubali. Kila Desemba kikongwe huyo alimtuma dereva wa basi na mfuko wa maharage pamoja na swali moja: "Unakuya?" Maman Horaire alipokea maharage, akamrudishia dereva jibu: mwakani.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya pensheni, dereva wa basi alifika miezi miwili kabla ya wakati wake, tena mikono mitupu. Alileta maneno tu. "Anasema mwaka huu hatumi kitu. Maharage itakungojea kwake, na yeye ataingojea pamoja nayo."

Siku hiyo Maman Horaire aliingia ofisini kwangu kwa mara ya kwanza. Alisimama katikati ya printa zilizolala chali.

"Weye wa ordinateur. Ile masini yako inaweza kushika Noeli?"

Nilimwambia ipo programu inayoweza kupanga zamu yenyewe, kuwakumbusha watu kwa ujumbe wa simu, na mtu akishindwa, kumtafuta wa akiba bila kumsumbua mtu yeyote.

"Hata miye?"

"Hata wewe, Maman."

Alikaa. "Basi sikia. Le vingt-quatre, mukesha ya Noeli, saa sita ya muchana, kama roho yangu imetulia, naenda Walungu. Kama haiyatulia, nabakia. Maman yangu hatangojea mara mingi tena." Kisha, ili nisione uso wake, akaanza kuzikagua printa.

Tulikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana na kunisomea kanuni, nami nikaziandika kwa lugha ya mashine. Kuandika kanuni za kawaida kulichukua siku mbili. Za kwake zilichukua wiki tatu. "Weka Noeli mbili," aliniamuru, nikaweka ya Desemba na ya Mei. "Weka chorale." Niliweka kwaya. "Weka mama mkwe." Hapo nilimwomba anihurumie.

Kisha tukawapa watu fomu kwenye simu waandike siku ambazo hawatapatikana, na sababu. Ndipo tulipojifunza jinsi wenzetu wanavyojiandaa mapema. Mkunga mmoja kijana aliandika: tarehe ishirini na nne hadi ishirini na sita, kilio. Maman Horaire alimwita, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Pole sana, mutoto yangu. Nani amekufa?"

Mkunga aliangalia sakafu. "Bado, Maman."

"Bado?"

"Tonton anagonjwa. Tunaona tu vile anaenda."

"Na weye umeshamupatia tarehe!" Alikifuta kile kilio mbele yake. Hiyo ilikuwa fomu ya simu, haifutiki kwa kifutio, lakini alikisugua kioo cha simu hata hivyo, nami nikafuta upande wangu. Yule tonton, yaani mjomba wake, kwa taarifa yenu, alicheza dansi siku ya Bonane.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwenye Sikukuu ya Watakatifu Wote. Niliipa mashine ujumbe uliokuwa wazi kama maji, au hivyo nilidhani: Kesho uko zamu. Jibu NDIYO au HAPANA. Bila jibu la namna hiyo, nafasi yako itapewa mwingine. Tulihitaji wakunga wawili. Nililala kama mfalme.

Mkunga wa kwanza alijibu: Mungu akipenda. Mashine haikumjua mtu huyo anayependa wala asiyependa, ilitaka NDIYO. Ikahamia kwa wa pili. Naye akajibu: Amina, tukiamka. Ikahamia kwa wa tatu. Tuombeane, alijibu. Wa nne alituma sauti yake akiimba ubeti mzima wa wimbo wa asubuhi. Mashine iliendelea kushuka kwenye orodha, mtiifu kama askari, hadi majina yakaisha.

Asubuhi walifika wakunga tisa. Wodini kulikuwa na mama mmoja tu mwenye uchungu. Alipowaona wakijipanga kuzunguka kitanda, wote wamenawa mikono, aliacha kulia akauliza: "Mimi ninazaa nani?"

Maman Horaire alicheka hadi akaushika ukuta, na karatasi yake ikachanika mahali pa wiki ya pili. Aliketi, akajipangusa macho kwa upindo wa kitenge.

"Mutoto yangu, mu Bukavu hii, nani atakuambia ndiyo juu ya kesho? Weye njo Mungu?"

"Lakini Maman, mashine inahitaji jibu."

"Basi usiulize kesho. Kesho si ya batu. Uulize kenye kinamuzuia leo. Hiyo kila mutu anajua."

Nataka msomaji aione akili iliyo ndani ya maneno hayo, maana mimi nilisomea kompyuta chuo kikuu na sikuiona. Nilibadilisha ujumbe: Kesho uko zamu. Kama kuna kinachokuzuia, tuambie sasa. Mwenye kizuizi alikitaja mara moja, kwa maelezo marefu. Asiye nacho alijibu kwa dua, nayo mashine ikafundishwa kuiacha dua ipite. Aliyenyamaza kabisa nilimpigia simu mwenyewe. Tulijaribu Jumapili zote za Novemba. Walikuja wawili walipotakiwa wawili. Wiki ya mwisho Maman Horaire alikuja, akaitazama orodha ya Noeli kwenye kioo, akasema neno ambalo watu wa uzazi hawakuamini nilipowasimulia: "Sina cha kufuta."

Tarehe ishirini na nne, saa sita mchana, alipanda basi la Walungu akiwa na kuku wawili, mkate mrefu na mfuko wa sukari. Kifutio bado kilikuwa shingoni. Tulimpungia mkono kama watoto wa shule wanaomuaga mwalimu mkuu, na basi lilipopinda, dereva wa ambulansi alipiga king'ora.

Siku ya Noeli nilikwenda kazini bila kuitwa, nikakaa mbele ya programu yangu kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa. Wakunga walifika. Papa wa maabara alifika, akiwa na furaha, maana kwake ilikuwa Alhamisi tu. Saa tano aliingizwa mama mwenye mtoto aliyelala vibaya tumboni. Daktari alimpima akasema tunapasua, muiteni anestezisti.

Anestezisti hakuwepo. Mashine ilionyesha jina lake, na chini yake jibu alilolituma jana: Hakuna tatizo, Mungu ni mwema. Nikampigia.

"Niko Mumosho," alisema, mbali nje ya mji, kwa utulivu wa mtu aliyeshika mshikaki. "Kwa bakwe zangu. Si tulibadilishana na Maman wa Kasha?"

"Lini?"

"Mu ile ndoa ya juma lililopita. Tulikuwa tunacheza, akaniambia nitakushikia Noeli."

Nikampigia huyo mama wa mtaa wa Kasha, anestezisti wetu wa pili na wa mwisho. Simu yake ilikuwa imezimwa. Hapo nilielewa kosa langu. Nilikuwa nimeiwekea mashine kwaya na Noeli mbili, lakini hapa kwetu watu hubadilishana zamu kwa mdomo, wakiwa wanacheza ndoani, na hakuna anayemwambia yeyote. Maman Horaire hakuhitaji kuambiwa. Yeye alikuwa akihudhuria ndoa zote; hiyo moja tu ilimpita, akijiandaa na safari.

Nilikuwa nimeahidi kutomsumbua Maman Horaire, na nikampigia. Simu iliita mara tatu. Ikapokelewa na sauti kavu ya mtu mzee sana.

"Allo, Maman Horaire?"

"Ni mama yake. Weye ni nani?"

"Jambo, koko," nilisema, kama tunavyowaita bibi zetu. " Ni wa hospitali. Tuko na shida, anestezisti ame..."

"Mutoto yangu iko nakula," ilisema ile sauti. "Mujipange."

Ikakatika. Nilipojaribu tena, ilikuwa imezimwa.

Walikuwa wamenizunguka: daktari, mkunga, dereva. "Anasema je?" mkunga aliuliza.

"Anasema tujipange."

Dereva alianza kucheka, na, Mungu atusamehe, sote tukacheka, huku mgonjwa akiwa chumba cha pili. Kicheko kile kilitufungua kichwa. Tuliacha kuuliza mashine inasema nini, tukaulizana huyu mama wa Kasha huwa wapi Noeli saa tano na nusu.

"Simu imezimwa sababu iko mu misa," alisema mkunga. "Mu kanisa ya Bagira. Anaimbaka."

Dereva alikuwa ameshashika funguo.

Yaliyotokea kanisani nilisimuliwa na watu wengi, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini wote walikubaliana juu ya haya. Ambulansi iliegeshwa mlangoni. Dereva aliingia kwa kunyata, akashindwa kumwona mtu wake katikati ya vitambaa vya kichwa vilivyosimama kama minara, akamnong'oneza katekista, katekista akamnong'onezea padri, na padri akageukia kipaza sauti. "Anestezisti wa hospitali, kama uko kati yetu, kuna mtu anataka kuzaliwa leo pia." Kwaya nzima ikamwonyesha kwa vidole. Alitoka mbio, kitenge kikiwa kimepandishwa hadi magotini, na waumini wakampigia makofi, jambo ambalo padri hakulizuia.

"Tulikuwa tunaongea tu!" alituambia alipofika, akivua hereni. "Mutu akicheza dansi, ananisikiliza ya nini?" Lakini mikono yake ilikuwa tayari kazini. Saa saba na nusu alizaliwa msichana mwenye sauti kubwa kuliko kwaya yote. Mama yake alitaka kumwita Horaire kwa jinsi alivyosikia jina hilo likitajwa siku nzima. Baba alikataa, na nadhani alikuwa na haki.

Niliandika ujumbe kwa ile simu iliyozimwa huko Walungu, nikijua hautasomwa upesi: Tulijipanga. Mama na mtoto wazima.

Aliporudi hakuuliza kitu. Aliniletea maharage, akasema, "Masini yako iko muzuri," nami nikajifanya nafungua printa. Bonane ilipita, akachukua pensheni yake, akahamia Walungu. Tuliongeza kanuni: atakayebadilishana zamu na amwambie mtu aliye hai. Bado tunahudhuria ndoa nyingi, ili tu kuwa na uhakika.

Miaka miwili ilipita ndipo nikatumwa Walungu kurekebisha kompyuta za kituo cha afya. Ilikuwa siku ya soko. Nilimuulizia, na mtoto wa kwanza niliyemuuliza alinipeleka hadi mlangoni. Alikuwa uani, mbele ya sufuria kubwa, amenenepa kidogo, shingoni msalaba peke yake. Kwenye kigoda pembeni aliketi kikongwe mdogo kama ndege, akichagua mchele, na nilijua mara moja sauti gani ingetoka mle.

Baada ya salamu zote, na vicheko, na habari za wote kumi na wanne walio bora, nilishindwa kujizuia. "Maman, ile Noeli. Ulijua nilipiga?"

Alikoroga kwanza. "Nilikuwa hapa, karibu yake. Nilinyoosha mukono nikamate telefone. Alinipiga na mwiko." Alinionyesha mahali. "Akaizima, akaitia mu mufuko yake. Nikaanza kuhesabu. Sasa yule iko Mumosho, sasa yule iko mu misa. Nyama iko mu kinywa, sisikie hata chumvi. Nikamuomba Maman, nikamuomba. Saa munane akachoka, akanirudishia. Nikafungua, nikaona message yako."

"Halafu?"

"Halafu nikamuambia: Maman, unipe sahani ingine. Ile ya kwanza haikuwa yangu." Alitabasamu kwa uso mzima. "Toka saa munane mpaka jioni, weye, tulikula Noeli ya myaka yote. Mpaka alinikataza."

Kisha akafungua kitenge alichojifunga juu ya nguo, akanizungushia kiunoni na kukifunga kwa nyuma, kabla sijapata neno. Akanikabidhi mwiko.

"Maharage imebakia saa moja. Chumvi bado. Moto usiuongeze. Maman amekunywa dawa ya asubui, ile ya mangaribi bado. Una swali?"

"Maman, unakwenda wapi?"

Alikuwa ameshafika kwenye uzio, anaelekea sokoni mikono ikining'inia mitupu, bila mfuko, bila haraka. Nilimwita tena, aniambie angalau atarudi saa ngapi. Yule kikongwe hakuinua macho kutoka kwenye mchele wake.

"Umuache," alisema. "Leo haiko zamu yake."